Kumsitiri mzee anaesahau si kumfungia ndani: namna tulivyoupanga mtaa wetu

Asalaam aleikum jamaa. Naandika haya nikiwa Wete, Pemba, na namuandikia yule ambae saa hizi ana mzee ndani anaeuliza suala moja mara ishirini tokea alfajiri, halafu jirani akipiga hodi anaambiwa "mzee kalala". Mie nimesema hivo zaidi ya mwaka. Baba yangu ni seremala, mtu aliekuwa akiupitisha ubao dole gumba tu anakwambia huu bado haujalainika, rudi. Alianza kusahau jina la msumeno, kisha njia ya msikitini, kisha jina langu mie mwanawe. Na sisi tukafanya wanavyofanya wengi huku kwetu, tukasema tumsitiri. Tukafunga mlango wa mbele kwa kufuli, wageni wakapungua, na yeye ndo akazidi kuharibika, anapiga mlango magharibi yote anataka atoke.

Nimekuja kuelewa kwa taabu kwamba sitara ya mgonjwa kama huyu ni watu, wakijua wanamfunika, wasipojua wanamcheka au wanamuogopa. Kwa hiyo hapa naeleza jinsi ya kuuandaa mtaa, kwa mpango tulioufuata sisi, chukua kinachokufaa.

Kwanza jua unachokwenda kukisema

Usiende kwa jirani kabla hujenda hospitali. Sehemu ya kwanza tulioenda sisi tuliambiwa "uzee huo, mrudisheni nyumbani mumuombee dua", tukarudi tukakaa miezi. Wewe usikubali kurudi mikono mitupu, sema wazi kwamba unataka apimwe, manake kuna mambo yanayomchanganya mzee akili na yanatibika kabisa: maambukizo ya njia ya mkojo, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni nzito baada ya kufiwa, dawa nyingi zinazogongana. Kama kabadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu basi hiyo ni dharura, mpeleke siku hiyo hiyo. Kama ni kidogo kidogo kwa miezi na miaka, hapo ndo madaktari wanafikiria dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu, lugha, na uwezo wa kupanga mambo.

Aina inayoongoza ni Alzheimer, inachukua kama 60 mpaka 70 katika kila wagonjwa 100, imepewa jina la daktari wa Ujerumani Alois Alzheimer alieielezea mwaka 1906. Nyengine inatokana na mishipa ya damu ya kichwani, na hiyo inakwenda sambamba na presha na sukari, vitu ambavyo kila nyumba huku ina mtu anavyo. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 walikuwepo watu milioni 57 wenye dimenshia, na wengi wao wako nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Na msiseme haya ni ya wazungu. Wilaya ya Hai kule Kilimanjaro watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakakuta kama wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 na kuendelea wanayo.

Uzee peke yake haumfanyi mtu amsahau mwanawe. Wala hajarogwa. Na mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet walitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa yanaweza kupunguza au kuchelewesha karibu nusu ya maradhi haya, 45 katika 100, mule ndani mna presha, sukari, sigara, kutosikia vizuri, kutoona vizuri, na mna upweke pia. Niliposoma hapo kwenye upweke nililia, kwa sababu nilikuwa na ufunguo wa kufuli mfukoni.

Kisha mkae nyumbani mkubaliane neno la kutumia. Wajapani mwaka 2004 waliacha neno lao la zamani la serikali lililokuwa na maana ya upumbavu, wakachukua neno jipya la shida ya utambuzi, na mwaka uliofuata wakaanza kuwafundisha watu wa kawaida, wauza maduka, watu wa benki, wanafunzi wa skuli, somo la kama saa moja na nusu tu, leo wamefika zaidi ya milioni 10. Walianza na jina kwanza. Sisi huku tunasema "kawa mtoto", "kapungukiwa", "wamemchezea", na mtu akishaitwa hivo basi ndo anavyotendewa. Nyumbani kwetu tulikubaliana sentensi moja, kila mtu aseme hiyo hiyo hata watoto: "Baba ana maradhi ya ubongo, yanamsahaulisha." Bas. Hakuna alietucheka.

Pili, mfuate nyuma siku tatu

Usiitishe mkutano wa mtaa. Mkutano watu watakunywa soda watatikisa vichwa wataondoka. Mie nilichofanya ni kufungua ile kufuli nikamuacha atoke, nikamfuata kwa mbali siku tatu, naandika nyuma ya daftari la mwanangu anapita wapi na anasimama kwa nani. Kumbe njia yake ni ile ile: duka la pembeni, barza la kahawa, msikitini, halafu anateremka kuelekea bandarini ambako zamani alikuwa na kiwanda chake cha useremala, anasimama palepale mlango ulipokuwa.

Mtaa mzima kwake ni watu sita saba hivi. Muuza duka, muuza kahawa, muadhini, vijana wa bodaboda wanaokaa chini ya mwembe, mama wa nyumba ya mkabala anaekaa barazani akisuka ukili, na mwalimu wa chuo cha Kurani. Hao ndo wa kuanza nao. Mmoja mmoja, kwa miguu yako, kwa heshima, na useme sentensi yenu.

Ila hapa pana jambo, kama mzee bado fahamu zake zipo kiasi, muulize yeye kwanza nani aambiwe. Usimtangaze mtu aliehai kama maiti. Baba nilimuuliza asubuhi, asubuhi ndo huwa mzima zaidi, akanyamaza sana kisha akasema "Mwambie yule wa kahawa, asinicheke." Nikaenda nikamwambia vile vile alivyosema. Yule mzee wa kahawa aliweka dele lake la kahawa chini akajifuta macho kwa kilemba.

Sheha, yaani kiongozi wa serikali hapa mtaani, mwambie pia, na yule mhudumu wa afya wa kujitolea anaepita majumbani. Lakini wao ni baada ya hawa.

Tatu, wafundishe kusema nae

Hapa ndo pana kazi yenyewe na hapa ndo sisi tulikosea sana, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Mwambie kila mtu amjie kwa mbele, asimshike bega kwa nyuma. Atoe salamu kamili, kwa sababu salamu ni kitu kilichoingia ndani sana, Baba hajui leo siku gani lakini ukimpa shikamoo anaitikia marahaba na anakuuliza watoto hawajambo. Halafu ujitaje mwenyewe: "Babu, mie fulani, mjukuu wa mwenye duka." Usimuulize "umenijua?" Hilo suala kwetu huku tunaliuliza kwa mapenzi kabisa, lakini kwa mgonjwa ni mtihani mbele za watu, anaona aibu, na aibu ikimshika anakuwa mkali au ananyamaza siku nzima.

Suala moja kwa wakati mmoja, na kungoja. Ngoja kweli, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Ukisema "Babu unakwenda wapi, umekunywa chai, mbona hujavaa viatu?" umemmwagia gunia zima. Sema "Babu, twende tukakae kivulini", na umuoneshe kwa mkono.

Usimbishie. Hili nimelipata kwa maumivu. Baba kila magharibi alikuwa anasema anataka kwenda kwao, na mie namwambia "Baba hapa ndo kwako, nyumba umeijenga mwenyewe", anazidi kupandwa, mpaka siku moja alinisukuma. Mama wa mkabala, ambae hakusoma kitabu chochote cha maradhi haya, alivuka njia akamwambia, "Kwenu wapi baba?" Akasema Mtambwe. "Mtambwe kuna nini?" Akaanza kueleza mnazi ulioinama na kisima na mamake akichambua karafuu ukumbini, wakatembea nae mpaka pale mwisho wa ukuta, wakageuka, wakarudi wakikaribia mlangoni bado anahadithia, akaingia ndani mwenyewe akaomba chai. Tokea siku hiyo tunafanya hivo. Mtu anaposema nataka kwetu mara nyingi kuna kitu chengine, anaogopa, ana njaa, anataka kwenda haja, au jua linazama na giza linamchanganya. Tafuta hicho.

Na akikuuliza mamake yuko wapi, na mamake kafa miaka arubaini, usimwambie kafa kila mara. Kila mara anafiwa upya. Muulize "Umemkumbuka Bibi, ee? Alikuwa akipika nini?"

Msimsemee juu ya kichwa chake. "Huyu siku hizi hajui kitu" unasema na yeye kakaa hapo. Maneno anaweza kuyasahau, uchungu wake unabaki kifuani, utamuona mchana kutwa uso umekunjana hajui kwanini.

Duka

Kuna siku nilifagia chini ya kitanda cha Baba nikatoa vifuko tisa vya sukari. Kila akipita dukani anakumbuka kwamba nyumbani hakuna sukari, ananunua nusu kilo. Wa dukani kwa heshima anampa, akikosa pesa anaandika. Tulivopanga ni hivi: ampe, asimkatalie mbele ya watu, halafu jioni mie napita narudisha kilichozidi na tunafuta kwenye daftari. Pesa anayobeba mfukoni ni noti ndogo ndogo tu. Akitoa elfu kumi kwa kitu cha mia tano, muuzaji anamrudishia chenji mkononi moja moja kwa kumuhesabia taratibu. Mwambie muuza duka pia asimuuzie mafuta ya taa wala viberiti bila ya kukupigia. Kwetu tulikuta kawasha jiko la makaa katikati ya kitanda cha kamba, Mungu alituhifadhi.

Na siku ya pensheni jamii, ile ya Zanzibar ya wazee wa miaka 70 kwenda juu iliyoanza 2016, asende peke yake. Na jengine linalohusu pesa nalisema bila kuficha: mtu akija na karatasi ya shamba au ya mikarafuu anataka mzee atie dole gumba, huyo azuiwe mlangoni. Mambo ya mali yapelekwe mapema kwa sheha, kwa kadhi, kwa wanasheria, mzee angali anaelewa anachokisema, na ndugu wote wawepo. Nimeona familia zimevunjika kwa hili.

Msikiti na shughuli

Usimtoe msikitini. Baba anasahau amesali rakaa ngapi lakini ukimsimamisha safuni mwili unajua wenyewe, anarukuu wakati wa kurukuu. Tuliomba mtu mmoja tu, kijana wa jirani, asimame kuliani kwake kila sala anayokuja, na akitaka kutoka katikati atoke nae bila ya kelele. Viatu anachukua vya watu, basi vyake tumevitia uzi mwekundu na kijana anamvisha. Yasini anaisoma mpaka mwisho mtu ambae hakumbuki kala nini saa moja nyuma, watu wanashangaa, lakini vilivyohifadhiwa utotoni vinachelewa kuondoka. Kwa hiyo kwenye hitma na maulidi muiteni, muwekeni pembeni karibu na mlango ambapo pana upepo na si penye spika, muda mfupi, arudi kabla hajachoka.

Ramadhani imetutia shida sana mwaka wa mwanzo. Baba akitoka barazani na kipande cha muhogo mchana, na mtoto mmoja akapiga kelele "Babu anakula mchanaa!" Tukamfuata imamu akazungumza baada ya tarawehe, maneno machache tu, kwamba alieondokewa na akili kalamu imemuondokea, yaani haandikiwi dhambi, na kumfedhehesha ndo dhambi. Baada ya hapo hakuna aliesema neno. Mambo ya saumu na fidia ya mgonjwa wako muulize shekhe wenu, usijiamulie. Cha kushughulikia wewe ni maji, manake wazee hawa hawasikii kiu, na asipokunywa anachanganyikiwa mara mbili.

Harusi zenye muziki mkubwa na watu mia tano mwacheni nyumbani na mtu anaempenda, mpelekeeni biriani yake.

Mpango wa siku akipotea

Uwe nao kabla. Usiuandae siku hiyo.

Shona kitambaa kidogo ndani ya upindo wa kanzu, kwa akina bibi upindo wa gauni, na namba mbili za simu kwa wino usiotoka. Usimning'inize kadi shingoni, atang'oa. Piga picha yake mpya kila mwezi, iwe kwenye simu za watu wale sita. Fanyeni grupu dogo la WhatsApp lao tu, wasitumiane vichekesho humo, likilia watu wajue ni Baba.

Akikosekana, robo saa ya mwanzo ndo yenye thamani. Mmoja anabaki nyumbani, kwa sababu wengi wanarudi wenyewe. Watafutaji wengine wanakwenda kwanza penye maji, pwani, visima, mitaro, hata kama unaona hawezi kufika huko. Kisha kule anakokutaja kila siku, kwetu ni bandarini na njia ya Mtambwe. Bodaboda wana kazi kubwa hapa, mmoja kila njia. Muadhini anatangaza kwa spika ya msikiti: jina, nguo aliyovaa, na neno hili muhimu, "ukimuona msimfukuze wala msimshike kwa nguvu, tembeeni nae, piga simu". Ndani ya saa moja kama hajaonekana mwambieni sheha na polisi, 112, msisubiri eti mpaka kesho.

Mwaka jana alitoka baada ya magharibi, tukampata baada ya dakika arubaini hivi. Alikuwa kakaa kwenye ngazi za bandarini na mvuvi mmoja amemfunika koti lake, wanazungumza bei ya mbao. Mvuvi huyo hakuwa kwenye grupu, alisikia tu spika.

Watoto

Watoto wanamcheka mtu wasiemuelewa. Mwalimu wa chuo aliwaeleza kwa dakika kumi, akawapa na kazi: akipita Babu, mmoja atoe salamu na mmoja atazame anaelekea wapi. Tokea hapo wao ndo walinzi wangu wazuri kuliko mtu yoyote.

Na yule anaemuuguza

Kila nyumba ya namna hii kuna mtu mmoja amebeba, na mara nyingi ni mtoto wa kike ambae hakuolewa au kaachika, na ndugu wengine wanaleta embe na ushauri. Naomba mtaa umtazame huyu. Usimuulize "Mzee hajambo?" peke yake, muulize "na weye umelala?" Kisha mpe kitu chenye saa: "Jumapili baada ya adhuhuri mpaka alasiri mie nitakaa nae, nenda kapumzike." Ukisema "ukihitaji chochote niambie" hatokwambia, hana nguvu hata ya kuomba. Kwetu tumegawana zamu tano za wiki, majirani wawili na ndugu watatu, imeandikwa kwenye karatasi imebandikwa jikoni. Zamu ya kwanza waliponipokea, mie nililala sakafuni chumbani kwa jirani saa mbili bila kugeuka.

Na ukimkuta kamfunga mzee kamba au kamfungia ndani, usianze na kutukana, kachoka huyo. Kaa nae, mtoe nje kwanza mzee, kisha mpange zamu. Kama panapigwa mtu hapo ni jengine, nenda kwa sheha siku hiyo hiyo.

Mpeni kazi

Hili watu wanalisahau. Mtaa unamhurumia mzee mpaka unamkalisha kama mzigo wa magunia. Bibi alieishi akisuka mkeka mpe ukili, hata akiharibu ufumue usiku. Msimu wa karafuu ukifika muwekeni ukumbini na watu wanaochambua, mikono inakumbuka hata kama mdomo hauwezi, na harufu ile pekee inamtuliza. Asieweza kuchambua atie kwenye pishi.

Kwetu sisi kuna kijana fundi karibu na nyumba, alijifunza kazi kwa mtu aliefundishwa na Baba. Nilimuomba tu amruhusu akae pale mlangoni. Yeye siku ya pili akamtolea kigoda na kipande cha ubao na msasa. Randa na patasi vimewekwa juu asivifikie. Baba anasugua asubuhi nzima, kila baada ya muda anasita, anaupitisha dole gumba, anatikisa kichwa anasema "bado", anaendelea. Kijana akija kumuuliza "Fundi, vipi?" anamjibu "Bado, bado", na ukimalizika anampa mwengine.